Queen sebuleni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutazama matamasha yao kwenye video

Hapa Mji Mkongwe, Unguja, Freddie Mercury hahitaji kutambulishwa. Wageni wanaulizia nyumba yake kila siku, na picha zake zimetundikwa hadi kwenye mikahawa. Lakini ukiuliza ni wangapi kati yetu wamewahi kukaa saa moja na nusu wakamtazama akifanya kazi yake, mikono inayonyooka ni michache. Wengi tumemwona kwa vipande vya dakika tatu kwenye simu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaalika jamaa na majirani sebuleni kwangu tutazame matamasha ya Queen, bendi yake ya roki ya Uingereza, mwanzo hadi mwisho, na maswali yanayofuata ndiyo yanayorudi kila mara. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: tamasha hutazamwa zima, na sauti huja kabla ya picha.

Sijawahi kutazama hata moja. Nianze na lipi?

Anza na Montreal. Lilipigwa katika ukumbi wa Montreal Forum, Kanada, usiku wa tarehe 24 na 25 Novemba 1981, likanaswa kwa filamu ya sinema ya milimita 35. Toleo la kutafuta linaitwa Queen Rock Montreal, lililotoka mwaka 2007 kwa DVD na Blu-ray. Mwaka 2024 lilirudi tena, likaoneshwa kwenye kumbi za IMAX, zile za sinema zenye kioo kikubwa mno, kisha likatolewa kwa 4K, picha yenye mistari mingi kuliko ya Blu-ray ya kawaida.

Ninalitanguliza kwa sababu moja kubwa: jukwaani wako watu wanne tu. Freddie anaimba na kupiga piano, Brian May gitaa, John Deacon besi, Roger Taylor ngoma. Hakuna mpiga kinanda wa kukodi wala waitikiaji wa pembeni. Kila unachokisikia kikipigwa unaweza kumwona anayekipiga, na kwa mtu anayeanza kuijua bendi hakuna darasa zuri kuliko hilo. Mwaka uliofuata walianza kusafiri na mpiga kinanda wa ziada, na mambo yakabadilika kidogo.

Filamu imeungwa kutoka siku zote mbili, kwa hiyo usishtuke ukiona nguo zimebadilika ghafla.

Lakini kila mtu anaisifu Wembley. Kwani ina kasoro gani?

Haina kasoro ya kuikimbia. Ni ya pili kwenye orodha yangu, na kwa kuona umati ni ya kwanza. Queen walipiga uwanja wa zamani wa Wembley, London, Ijumaa tarehe 11 na Jumamosi tarehe 12 Julai 1986, kila siku mbele ya watu wapatao 72,000. Video inayojulikana ni ya Jumamosi. Ijumaa mvua iliwanyeshea.

Shida ni kwamba watu wengi wana nakala pungufu bila kujua. Kanda ya VHS iliyotoka mwaka 1990 ilikatwa, nyimbo kadhaa zikaachwa. Tamasha kamili la Jumamosi lilitoka kwa DVD mwaka 2003, na mwaka 2011, kwa kutimiza miaka 25, likatoka toleo lenye siku zote mbili. Kama mna nafasi ya kununua moja, nunueni hilo la 2011. Kuulinganisha wimbo uleule ulivyopigwa Ijumaa na ulivyopigwa Jumamosi kunafundisha mengi. Utasikia pale ambapo siku moja Freddie anaupandisha mstari juu, na siku ya pili anaushusha ili kuihifadhi sauti yake. Alikuwa anaimba siku mbili mfululizo, na koo si chuma.

Mbona picha ya Wembley ya 1986 ina ukungu kuliko ya Montreal ya 1981? Nimeuziwa nakala mbovu?

Hapana, nakala yako ni nzima. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake lafaa kujulikana na kila anayetafuta matamasha ya zamani, yawe ya Queen au ya bendi nyingine yoyote.

Montreal ilipigwa kwa filamu. Kila fremu ni picha halisi kwenye ukanda wa seluloidi, na ndani yake mna maelezo mengi kuliko runinga za wakati ule zilivyoweza kuonesha. Mashine za kusoma filamu zikiboreka, filamu ileile inasomwa upya na picha inatoka safi zaidi. Ndiyo maana zaidi ya miaka 40 baadaye iliweza kuoneshwa kwenye kioo kikubwa kama ukuta wa ghorofa.

Wembley ilipigwa kwa kamera za televisheni, ikarekodiwa kwenye kanda ya video. Mfumo wa Uingereza wakati ule ulikuwa na mistari 625, na inayobeba picha ni 576 tu. Hapo ndipo mwisho wake. Ukiiweka kwenye runinga ya leo yenye mistari 2,160, runinga inalazimika kubuni iliyobaki. Haiwezi kuvumbua jasho la Roger Taylor ambalo kamera haikulinasa.

Kwa hiyo kabla hujalipa bei ya Blu-ray au 4K ya tamasha lolote la miaka ya sabini au themanini, ulizia kwanza: lilipigwa kwa filamu au kwa kanda? Kama ni kanda, DVD nzuri inakutosha. Kama ni filamu, toa pesa.

Na ushauri mmoja ambao jirani yangu aliukataa hadi alipouona kwa macho yake: Wembley itazame kwenye runinga ndogo, ya inchi 32, au sogeza viti nyuma. Ukungu wote unatoweka.

Watu wametokea wafupi na wanene. Kwa nini?

Runinga imevuta picha. Matamasha mengi ya enzi hiyo yalipigwa kwa umbo la karibu mraba, nne kwa tatu, na runinga za leo ni ndefu kwa upana. Ingia kwenye mipangilio ya picha uchague 4:3, ukubali mistari myeusi pembeni. Ukiwa humohumo, zima ule mfumo wa kulainisha mwendo. Kila kampuni ya runinga inauita kwa jina lake, lakini kazi yake ni ileile: kubuni fremu zisizokuwapo. Filamu ya Montreal ikipita humo inageuka kama tamthilia ya mchana.

Sabufa yangu ya sokoni inatosha, au ninunue kitu cha maana?

Inatosha, ila si kwa namna wengi wanavyoipiga.

Sabufa nyingi huletwa nyumbani, zikawekwa kwenye kona, besi ikafunguliwa hadi mwisho. Hapo umemzika John Deacon. Anapiga besi yenye sauti, yenye mistari ya kufuatwa kama unavyofuata gitaa la besi kwenye dansi la zamani; kwenye kona inageuka ngurumo moja isiyo na noti. Toa boksi kona, lisogeze mbali na ukuta, punguza besi mpaka uanze kuzitofautisha noti. Spika ndogo mbili ziwe usawa wa masikio, zimetengana kwa umbali unaokaribia ule wa kutoka zilipo hadi ulipokaa.

Kisha fungua menyu ya diski. Mara nyingi utakuta sauti za aina mbili: stereo, na ile ya spika tano na sabufa. Kama huna spika sita za kweli, chagua stereo. Ukichagua nyingine kwenye spika mbili, kifaa kinazikandamiza sauti sita ndani ya mbili, na mara nyingi wa kwanza kuumia ni mwimbaji.

Usiku, wakati majirani wamelala, headphone za kawaida zenye waya zinashinda spika nyingi. Kwenye Montreal utasikia Freddie akivuta pumzi kabla ya mstari. Mimi nilipoisikia pumzi ile mara ya kwanza nilirudisha nyuma mara tatu.

Sauti inafika kabla ya midomo kufunguka.

Runinga inachelewesha picha kwa sababu inaichakata kwanza, wakati sauti imepita moja kwa moja kwenda kwenye sabufa. Tafuta kwenye deki au runinga mpangilio wa kuchelewesha sauti, uongeze kidogo kidogo huku ukimtazama mpiga ngoma. Kijiti kikigusa ngoma na mlio ukasikika papo hapo, umefika. Kama unatumia bluetooth na sauti ndiyo inayochelewa baada ya midomo, rudi kwenye waya. Tatizo mara nyingi linaisha hapo hapo.

Katikati ya wimbo wa Bohemian Rhapsody bendi yote inatoweka jukwaani, na muziki unaendelea. Ni ulaghai?

Si ulaghai. Sehemu ile ya kati, yenye sauti nyingi zinazojibizana kama opera, ilijengwa studio mwaka 1975 kwa kurudia-rudia kurekodi sauti za watu watatu, Freddie, Brian na Roger, hadi zikawa kwaya nzima. Watu wanne hawawezi kuiimba laivu. Wangeweza kujifanya wanaimba huku kanda ikipita. Wao waliamua kuondoka jukwaani, wakaiacha kanda na taa zifanye kazi, kisha gitaa likiingia kwa kishindo wanarudi. Mimi naiheshimu sana hatua hiyo. Hawakumdanganya mtazamaji hata kwa dakika moja.

Na ndiyo, neno mnalolisikia humo ni «Bismillah». Kila nikionesha tamasha hili hapa Unguja kuna mtu ananishika mkono kuuliza kama amesikia vizuri. Amesikia vizuri. Familia ya Freddie haikuwa ya Kiislamu; walikuwa Waparsi, wafuasi wa Zoroasta, wenye asili ya Gujarat. Lakini mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe hakulisikia neno hilo kwa mara ya kwanza ukubwani.

Nani anayepiga kinanda kule nyuma Wembley?

Spike Edney. Alikuwa nao kwenye ziara za 1984 hadi 1986. Si mwanachama wa bendi.

Sielewi gitaa. Nitazame nini kwa Brian May?

Tazama mkono wa kulia kwanza. Hapigi kwa kipande cha plastiki kama wapiga gitaa wengine. Anapiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza, ya peni sita. Kingo za sarafu zinakwaruza uzi, na mkwaruzo huo unausikia mwanzo wa kila noti.

Gitaa lenyewe alilitengeneza nyumbani na baba yake, wakianza mwaka 1963. Mbao za shingo zilitoka kwenye fremu ya meko ya zamani, na springi zake zilitoka kwenye pikipiki. Vijana wetu wanaounda magitaa kwa mbao za kuokota wamtazame kwa makini: chombo kile kile cha nyumbani ndicho kilichobeba viwanja vizima, na hakukiacha kwa ajili ya cha dukani.

Halafu ngoja solo yake ndefu, pale wenzake wanapompisha. Anapiga kifungu, mashine ya mwangwi inakirudisha, naye anapiga kifungu kingine juu ya mwangwi ule, kisha cha tatu. Mtu mmoja anakuwa magitaa matatu. Wengi husogeza mbele hapo wakidhani hakuna kinachoendelea. Msisogeze. Ukilielewa sebene la gitaa mbili zinazofuatana, una masikio yote unayohitaji.

Nina dakika 20 tu.

Basi tazama Live Aid. Tarehe 13 Julai 1985, Wembley, tamasha la kuchangia waathirika wa njaa ya Ethiopia. Kila bendi ilipewa muda mfupi, Queen wakapata kama dakika 21. Walifanya mazoezi ya muda huo hasa katika ukumbi wa Shaw Theatre, London, wakikata nyimbo na kuziunga ili dakika zitoshe. Wanaingia mchana kweupe, hawana taa zao wala moshi wao, na wengi uwanjani hawakuja kwa ajili yao. Sehemu yao imo kama nyongeza kwenye toleo maalumu la Queen Rock Montreal, kwa hiyo ukinunua hilo unapata vyote viwili.

Msikilize anapoimba «ee-oh» na uwanja mzima ukamjibu. Mama yangu hajui Kiingereza hata neno moja, na hakuwahi kutazama roki maishani. Alikuwa anachambua mchele. Freddie akaimba mara ya kwanza, ya pili, mara ya tatu mama akamwitikia bila kuinua kichwa, kwa sauti sahihi kabisa. Mwimbaji na waitikiaji, hilo tunalijua tangu ngoma za harusini.

Na Budapest?

Itafute ukishaipenda bendi. Walipiga katika uwanja wa Népstadion tarehe 27 Julai 1986, wiki mbili baada ya Wembley, ndani ya Hungaria ya wakati wa ukomunisti, mbele ya watu wapatao 80,000. Serikali ya huko iliirekodi kwa filamu ya sinema, kwa hiyo picha yake inaishinda Wembley kwa mbali. Toleo lililosafishwa lilitoka mwaka 2012 kwa jina la Hungarian Rhapsody. Kati ya nyimbo mnaoneshwa bendi ikisafiri kwa boti ya mwendo kasi kwenye mto Danube na kutembea mjini. Wengine hukerwa na kukatizwa huku, mimi nakuvumilia.

Kilele kwangu ni pale Freddie anapoimba wimbo wa asili wa Kihungaria, Tavaszi szél. Maneno ameyaandika kiganjani na anayasoma waziwazi, hafichi. Watu wale wakisikia lugha yao kutoka kinywa cha mgeni wanapaza sauti na kuimba naye. Kila ninapokitazama kipande hicho nasikitika kwamba sisi tuliomzaa hatukupata usiku wa namna hiyo.

Ina maana hakuwahi kuimba Zanzibar?

Queen hawakupiga Zanzibar wala popote Afrika Mashariki. Alizaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa karani wa fedha Mahakama Kuu. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza. Matamasha yao ya Afrika yalikuwa Sun City, Afrika Kusini, Oktoba 1984, enzi za ubaguzi wa rangi, wakati wasanii walikuwa wametakiwa wasiende. Walilaumiwa sana, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Nawapenda, na bado nasema walikosea kwenda.

Huyu asiye na masharubu, mwenye nywele ndefu, ndiye yuleyule?

Ndiye. Masharubu yalianza mwaka 1980. Kwa Freddie wa zamani kuna matamasha ya kumbi mbili za London: Rainbow, ya 1974, na Hammersmith Odeon ya tarehe 24 Desemba 1975, ambayo BBC iliirusha moja kwa moja usiku wa kuamkia Krismasi. Zote zilitolewa rasmi baadaye, 2014 na 2015. Picha ni ya zamani na giza ni jingi, lakini wanapiga kwa njaa ya vijana.

Wembley anaonekana kachoka. Alikuwa tayari anaumwa?

Tusimsomee ugonjwa usoni. Kwa maelezo ya aliyeishi naye, aligunduliwa mwaka 1987, baada ya ziara ile. Alitangaza kuwa ana UKIMWI tarehe 23 Novemba 1991, akafariki kesho yake. Mnachokiona Wembley ni mtu wa miaka 39 anayekimbia jukwaa kubwa saa mbili. Tamasha lake la mwisho na Queen lilikuwa Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986.

Diski yangu imetoka Marekani, deki inaikataa.

DVD zimegawiwa kwa maeneo ya dunia, kila eneo na namba yake. Marekani ni namba 1, Ulaya na nchi za Ghuba namba 2, na Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi ziko namba 5. Diski nyingi za muziki hazina kizuizi, lakini si zote. Tazama alama ya dunia nyuma ya kasha. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwetu husoma namba zote, wakati mwingine baada ya kubadilishiwa mpangilio. Blu-ray ni rahisi zaidi: Afrika, Ulaya na Ghuba zote ni kundi B. Ndugu akiwa Muscat au London, mwagize huko bila wasiwasi.

Nina kanda ya VHS ya marehemu mjomba. Ina vumbi jeupe ndani.

Usiitie kwenye deki! Hilo si vumbi, ni ukungu, na sisi wa pwani tunaujua kwa unyevu wetu. Ukiicheza, ukungu unashika vichwa vya deki na kuhamia kwenye kila kanda utakayoweka baadaye, na ukanda wenyewe unaweza kukatika. Iweke kwenye mfuko peke yake, mahali pakavu, uipeleke kwa fundi anayesafisha kanda, kisha ihamishiwe kwenye kompyuta siku hiyohiyo inapochezwa. Kanda nzima nazo zihifadhiwe zimesimama kama vitabu, zimerudishwa mwanzo, mbali na spika, maana sumaku ya spika hufuta.

Za DVD zenye michirizi, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe.

Na taji lile la mwisho?

Mwisho wa Wembley na Budapest Freddie anatoka na taji na joho la kifalme, na unaosikika ni wimbo wa taifa wa Uingereza ulivyopigwa na gitaa la Brian kwenye kanda. Anavua taji, analiinua juu, anawaaga. Msizime hapo kukimbilia mlangoni. Wageni wangu wengine huinuka kabla hajamaliza, nami huwaomba wakae: zimebaki sekunde chache tu, na uwanja mzima bado unaimba.